Usikubali Kusamehewa

Mwanangu Eliapenda,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sikuulizi, maana naisikia kutoka hapa jikoni. Umelala chumba cha pili, umegeukia ukuta, na kila nikikuita unajifanya umesinzia. Penda, mimi ni mama yako. Usingizi wako wa kweli naujua tangu uko mgongoni kwenye mbeleko, una mkoromo. Huu wa jioni hii hauna mkoromo.

Basi nakuandikia. Kesho asubuhi unashuka Same kupanda basi la Dar, unakwenda kuendelea na dawa kwenye hospitali ya kansa, na anayekupeleka ni shangazi yako Naelijwa. Siyo mimi. Ulisema mwenyewe, mbele yake, bila kunitazama: "Nitakwenda na shangazi. Mama abaki." Nilikuwa nachambua maharage ya makande. Niliendelea kuchambua, nikawa natupa mazima na kubakiza mabovu, wala hakuna aliyeona.

Mambo ya vidonge, kadi ya bima na sweta sikuandikii. Begi amelifunga shangazi yako na kichwa chake ni kizuri kuliko changu. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua, na najua hapo ulipo unasema moyoni, "Ameanza tena." Ndiyo, nimeanza tena. Nakuomba huko uendako usilale mchana kutwa. Nakuomba utembee. Nimeshakuomba kwa upole, nimeshakuomba kwa ukali, nimekuomba hadi tukakosana, na sasa nakuomba kwa kalamu kwa kuwa sina njia nyingine iliyobaki.

Lakini kabla hujaichana karatasi hii, ngoja nikueleze ya baba yako. Wewe ulikuwa shule ya bweni alipougua. Uliona mwisho tu, ukarudi kuzika. Hukuona tulivyofika pale.

Baba yako alikuwa mtu wa maji, hilo unalikumbuka. Asubuhi na mapema alikuwa anapanda kufungua ndiva, lile bwawa letu la juu linalojaa usiku kucha. Ikiwa zamu ya maji ni yetu, alikuwa anayafuata maji kwa miguu tangu ndiva hadi shamba la tangawizi, jembe begani, anaziba kwa tope panapovuja, anatoa majani yaliyokwama, anagombana na yeyote aliyejichotea kwenye mfereji bila zamu. Akirudi suruali imelowa hadi magotini na ana njaa ya watu wawili. Nilikuwa namwambia atume kijana. Alikuwa ananijibu, "Maji yangu nayafuata mwenyewe."

Alipoambiwa ana kansa ya utumbo, habari ilifika kijijini kabla sisi hatujashuka kwenye gari. Wiki ile pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ilipigwa, watu wanakwenda kuzoa tope kwenye ndiva. Baba yako alivaa mabuti yake ya mpira, akashika koleo. Hapo hapo akaingia Mzee Senkondo, mwenyekiti wa maji, akamtoa lile koleo mkononi polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Baba Penda, tumekusamehe," akasema. "Wewe pumzika. Sehemu yako tutaifanya sisi."

Ndiyo lugha yetu huku. Mgonjwa na mkongwe husamehewa msaragambo, hatozwi faini, hasemwi vibaya. Ni heshima, tena ni upendo wa kweli, na mimi nilimshukuru Mzee Senkondo karibu nimpigie magoti. Baba yako alikaa kwenye kigoda na mabuti yake miguuni. Watu walipokwisha kupita wote, akaniuliza, "Wamenisamehe, Mama Penda. Kwani nimewakosea nini?"

Mimi nikacheka. Nilidhani anatania, si unajua alivyokuwa na utani.

Tangu siku hiyo kila mtu akamsamehe kila kitu. Maji yetu yakawa yanafuatwa na majirani. Ng'ombe wakakatiwa majani na watu hata sikuwajua vizuri. Na mimi, mwanangu, mimi nikawapita wote. Chakula nikampelekea kitandani. Maji ya kuoga nikayaingiza chumbani. Choo kiko nje na kuna ule mteremko, nikaona ataanguka, nikamwekea ndoo ya bluu chini ya kitanda. Akitaka kufunga vifungo vya shati, namfungia. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko amevaa mabuti, ananyatia kwenda mferejini kama mwizi wa kuku. Nilimrudisha ndani, nikayachukua yale mabuti nikayatupia darini. "Utayavaa ukipona," nikamwambia. Alinitazama, akalala.

Kina mama wa kanisani walipokuja kumwombea walinisifu. "Mama Penda, umejua kumtunza mume. Hata kijiko hashiki!" Nilivimba kichwa, sikufichi. Walipoondoka nilikuwa nalirudia neno lile nikiosha vikombe. Hata kijiko hashiki.

Halafu ikaja siku ya kliniki kule Moshi. Daktari alikuwa binti mdogo tu, amesuka nywele, akaniuliza, "Mama, mzee anatembea nyumbani?" Nikamjibu kwa sauti ya juu ili hata waliokaa kwenye benchi nje wasikie: "Hapana dokta! Hata kijiko hajashika!" Nikakaa kungojea sifa zangu.

Hakunisifu. Wala hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alimwomba baba yako asimame bila kushika kiti. Baba yako akajaribu. Nikaona mapaja yanatetemeka ndani ya suruali niliyoipiga pasi mwenyewe, akarudi kukaa. Akajaribu tena, akatabasamu kwa aibu, akakaa. Mtu aliyekuwa anapanda ndiva kabla watu hawajaamka alishindwa kusimama kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Hii siyo kansa, mama," daktari akaniambia. "Hii ni misuli imelala. Mwili usipotumika unapungua, na dawa zetu zinataka mwili wenye nguvu ya kuzipokea." Akasema hata wao zamani walikuwa wanawaambia wagonjwa wapumzike tu, siku hizi wanawahimiza wajishughulishe kadiri wanavyoweza. Akasema uchovu wa kansa haufanani na uchovu wa kulima. Wa kulima ukiulalia unaondoka. Huu ukiulalia mno unakuzidi.

Tulirudi nyumbani tukajaribu. Nilipanda darini kutafuta mabuti, nikakuta panya wamezalia ndani ya moja. Alikuwa anatembea kutoka kitandani hadi dirishani akinishika bega, kisha siku zikawa mbaya na ugonjwa wenyewe ukawa umekwenda mbali. Sikuambii kwamba angepona. Nilimuuliza daktari baadaye, akasema hakuna anayeweza kusema hivyo, na mimi sitasema ambacho daktari hakusema. Kansa ilimchukua baba yako, basi. Lakini miguu yake aliipoteza kabla, na aliyempokonya ni mimi.

Karibu na mwisho aliomba apelekwe kuiona ndiva. Vijana wakambeba kwenye blanketi. Watu wakatoka majumbani kumpungia mkono, wanamwita, wanamtakia heri, na yeye ni mtu aliyekuwa anaipita njia ile na jembe begani akiwatolea watu ukali kuhusu maji. Alifunika uso kwa ncha ya blanketi. Kabla hawajafika akaomba arudishwe. Hakuiona tena ndiva yake, Penda, na ilikuwa juu pale tu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani ule mwezi ulipokuja kunionyesha uvimbe shingoni. Wewe uliniambia ni jino. Mimi nikaangalia uvimbe nikajua Mungu ananijaribu tena kwa mtihani ule ule nilioufeli.

Na tazama nilipewa mtu gani wa kumtembeza! Mtoto wa bodaboda, ambaye hata chumvi kwa Mama Elieza pale chini alikuwa anaifuata kwa pikipiki. Nilikuwa nakuambia kabla hujaugua kwamba miguu yako siku moja itadai mshahara. Daktari wa Moshi alipotaja kansa ya mitoki, yaani ya tezi, wewe ulitazama sakafu, mimi nilitazama viatu vyako. Na alipofika kwenye maneno yale, kwamba utembee kidogo kidogo siku unazojisikia vizuri, nilitaka kumkumbatia. Nakumbuka alivyosema, na wewe ulikuwepo. Kutembea hakuiondoi kansa, dawa ndiyo inayopigana nayo. Ila kunapunguza ule uchovu, kunaleta usingizi na hamu ya kula, kunakupa nguvu za kuzihimili dawa. Akasema pia ukiwa na homa, au ukitoka damu, au kizunguzungu, au pumzi ikikukatika, uache na uje hospitali haraka. Sehemu ile ya kwanza niliimeza yote. Hii ya pili, Mungu anisamehe, niliisikia kwa sikio moja.

Tulifika nyumbani, mizigo bado iko mlangoni, Mzee Senkondo huyo uani, kofia mkononi. "Shikamoo mzee," ukamwambia. "Marahaba mwanangu, pole. Nimekuja kuwaambia tumemsamehe kijana." Nilimrukia. Nilimwambia hakuna kumsamehe, mtoto wangu hajamkosea mtu, mpangieni kazi yake kama wengine. Mzee wa watu akarudi nyuma akajikwaa kwenye kuku. Wewe ukacheka hadi ukashika mbavu, na ndicho kicheko chako cha mwisho ninachokikumbuka vizuri.

Alikupangia kutoa majani kwenye mdomo wa mfereji wetu, basi. Mwendo wa kutoka hapa hadi kwenye mibuni ya marehemu babu, unainama, unachota majani, unarudi. Siku za mwanzo ulikwenda. Ulikuwa unaniita trafiki kwa sababu nilikuwa nasimama njiani kukuangalia. Ulianza kula. Ulianza kukoroma. Kijijini wakasema Mama Penda amechanganyikiwa, mama gani anamfanyisha kazi mgonjwa wa kansa, kwani njaa imemzidi? Sikujali. Nilikuwa nakusikia ukikoroma, ningejali nini?

Sasa ile siku.

Ulikuwa umerudi kutoka kuchomwa dawa. Asubuhi uliniambia, "Mama, leo siwezi, mwili unauma." Nikasema moyoni, ndiyo huo uchovu wa kulala, nikimwacha leo na kesho atalala. Sikukugusa paji la uso. Jambo dogo ambalo mama yeyote hulifanya hata kwa mtoto wa jirani, mimi sikulifanya. Nilikuvuta mkono. Njiani ulisimama mara kadhaa, nikakuhimiza. Pale mdomo wa mfereji ulitapika, ukapiga magoti ndani ya maji, na watu waliokuwa wanachimba tangawizi shamba la pili wakainua vichwa. Ndipo uliponiambia.

"Baba ulimlaza mpaka akafa. Mimi unataka kuniua kwa kunitembeza!"

Kila mtu alisikia. Mimi hadi leo nikichota maji pale naisikia.

Ulikuwa na homa kali, ulikuwa unachemka. Kiondo rafiki yako ndiye aliyekukimbiza Same hospitalini na pikipiki yake, na mimi nyuma kwenye pikipiki nyingine nikilia kwa sauti mbele ya mtoto wa watu aliyekuwa ananiendesha. Walikuwekea dripu na dawa za kuua vijidudu. Daktari wa Moshi nilipompigia simu alinisema, na alikuwa na haki. "Mama, nilikuambia akiwa na homa asitembee, aletwe." Nikasema ndiyo dokta.

Nimeitafakari siku ile kuliko ninavyotafakari jambo lolote duniani. Ninachokiona ni kwamba baba yako nilimlaza kwa hofu, na wewe nilikukokota kwa hofu ile ile. Mara zote mbili sikumuuliza mgonjwa. Baba yako alitaka mabuti, sikumsikia. Wewe uliomba kupumzika, sikukusikia. Kwa hiyo unaponigeuzia mgongo sikulaumu, mgongo huo nimeutafuta mwenyewe.

Lakini Penda, homa imekwisha. Imekwisha siku nyingi. Daktari alisema uanze tena, taratibu, na hukuanza. Kwanza ulisema kesho. Kisha ukaacha hata kusema. Shangazi yako akaja kutoka Dar, mtu mwema, ananipenda na anakupenda, akanikuta nimesimama mlangoni kwako, akaniambia, "Wifi, mwache mtoto apumzike. Umemtesa vya kutosha." Mzee Senkondo akaja, akakusamehe kwa mara ya pili, nikanyamaza. Mimi! Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimepoteza haki ya kusema.

Juzi nikasikia sauti yako. "Shangazi, niletee ndoo."

Akakuletea ile ya bluu. Hakujua ni ipi, aliikuta stoo. Nilitoka nje nikaenda kushikilia mti wa parachichi kwa mikono yote miwili, na nikakaa hapo mpaka Mama Elieza aliponiuliza kama nimeumwa na nge. Nikasema ndiyo, nge.

Naogopa, mwanangu. Sijui kuandika kwa namna ya kuficha. Naogopa kansa, kila mtu anaiogopa, lakini hiyo ina madaktari wake. Ninachokiogopa zaidi ni chumba cha Dar chenye pazia zuri na feni, na shangazi yako mwenye upendo kama wangu wa wakati ule, na sinia la chakula linalokuja kitandani, na mimi niko huku milimani siwezi kupiga hata kelele. Baba yako alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kupendwa.

Dhahabu yangu, nisikilize kidogo tu. Sisemi ukimbie. Sikuambii upande mlima, huko hata mlima hakuna. Kuna uwanja mdogo mbele ya nyumba ya shangazi, ameniambia mwenyewe, na mti wa mwarobaini. Asubuhi kabla jua halijachachamaa nenda mpaka kwenye mwarobaini urudi. Ukiona imekuwa rahisi, rudia. Ukiona leo ni ngumu, kaa tu mlangoni uangalie watu, hiyo nayo siyo kulala. Sinia likija, inuka uende mezani. Siku ambayo mwili unauma kweli, lala, na usione haya, na mtu akuwekee mkono kwenye paji la uso. Wewe ndiye utakayejua ni siku gani. Nimejifunza kwa gharama kwamba siyo mimi.

Na waulize madaktari wa huko. Waambie, "Nataka kutembea, nianzeje?" Nasikia wana watu wa mazoezi ya viungo, kazi yao ni hiyo hiyo. Hao hawatakuvuta mkono wala hawatakupokonya mabuti.

Shangazi yako usigombane naye, hana kosa lolote. Mwambie atembee nawe. Naelijwa huyo tangu msichana haachi kuongea akitembea; utajikuta umezunguka mtaa wote ukingoja amalize habari moja.

Unamkumbuka yule mama mnene wa Mwanga, kule wodini Moshi? Aliyekuwa anatembea koridoni na ule mti wa chuma wa dripu, anausukuma, kila akipita kwetu anasema, "Nimetoka kidogo na mume wangu mpya, yule wa kwanza alikuwa hapendi kutembea." Wewe uligeuka pembeni ukicheka. Jioni moja nilimkuta amekaa mwisho wa koridoni, peke yake, analia. Nikakaa naye. Nikamuuliza kama ni maumivu. Akasema, "Hapana mama, ni hasira tu. Jana nilifika dirishani, leo nimeishia hapa." Nikamwambia basi turudi ukalale. Akafuta uso kwa kanga, akasema, "Nitarudi kwa miguu, niache nivute pumzi." Sijui leo yuko wapi. Sikuambii amepona, huenda hakupona. Nakuambia tu kwamba alirudi kitandani kwake kwa miguu, nikimsikia anamgombeza mume wake mpya kwa kwenda kombo.

Nikifikiria nataka nini kwako, ni hicho. Kama Mungu akikuponya nataka akukute umesimama. Na kama hatakuponya, ee mwanangu, mkono unakataa kuandika hili lakini naliandika, hata hapo nataka uwe mtu aliyekuwa anakwenda mwenyewe kuiona ndiva yake mpaka siku ambayo kweli haikuwezekana. Nataka kansa ndiyo ikushinde, kama ni lazima ikushinde. Siyo kitanda, na siyo upendo wetu.

Hao watu wote watakuja kukusamehe. Dar nako wapo. Watakuambia usinyanyue hicho, acha, wewe kaa, pumzika. Wanasema kwa moyo safi. Washukuru, kisha usikubali kusamehewa. Hujamkosea mtu.

Sasa nikueleze nilichofanya leo, ili usiseme tena kwamba nafanya mambo bila kukuuliza. Ingawa hili pia nimelifanya bila kukuuliza. Sijaacha kuwa mimi.

Mchana ulipokuwa umejifanya umelala niliingia, nikakugusa paji la uso. Nilijua unajua. Halikuwa na moto. Nikampigia daktari wa Moshi, nikamuuliza kama mtoto wangu mwenye hali hii na hii anaweza kutembea kutoka nyumbani hadi barabarani pale kanisani, kwa kuteremka, kwa kupumzika. Aliniuliza maswali mengi, nikamjibu yote bila kuongeza neno langu. Akasema unaweza, kama utataka mwenyewe.

Kisha nikaenda kwa Kiondo. Alikuwa amepanga kuleta pikipiki mpaka mlangoni, amekwishafunga na mto kwenye kiti. Nikamwambia asivuke kanisa. Akakataa katakata. "Mama, jamaa anaumwa, nitamwachaje atembee? Watu watanionaje?" Tulibishana sana. Mwisho nikamwambia habari za ndoo ya bluu, akaanza kuchezea ufunguo, akasema atakungoja kanisani.

Nimekuwekea kigoda kwenye kona ya migomba, na kingine kwa Mama Elieza, na kiti cha uvivu cha baba yako nimekipeleka pale penye daraja la mfereji. Ukae popote, kwa muda wowote utakao. Basi la Dar linaweza kukuacha, yapo mengine. Shangazi yako nimemwambia atangulie, asikushike. Amenuna lakini atatangulia. Mimi sitakuvuta mkono. Nikishakuambia kwamba Kiondo yuko kanisani na kwamba ukishindwa unitikisie kichwa, sitaongeza hata neno moja. Nitakuja nyuma yako na begi, mbali kidogo, na ukisema umeshindwa, au ukikaa ukanitikisia kichwa, nitampungia Kiondo apande akuchukue pale pale ulipo, na hakuna mtu atakayekulaumu, mimi nikiwa wa kwanza kutokulaumu.

Barua hii siiweki kwenye begi wala chini ya mto wako. Nampa Kiondo. Nimemwambia, ikibidi akufuate huko juu, barua anirudishie mimi, nitaichoma jikoni, na utakwenda Dar bila kujua kwamba niliandika, na nitaendelea kukupenda kama kawaida. Lakini ukifika barabarani mwenyewe, azime pikipiki, akupe, asubiri umalize kusoma.

Kwa hiyo kama unayasoma haya, Penda, uko pale kanisani. Umetoka chumbani, umeupita ukuta ule, umeshuka, umefika. Huenda umelowa jasho na unanichukia. Ukiwa bado una hasira na mimi, panda tu, Kiondo atawasha. Ukiwa huna, geuka.

Niko nyuma yako, nimeshika begi.

Mama